Tangawizi na Mikono ya Pamba

Tangawizi hakuwa na ubaya wowote mdomoni, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Daktari wa mifugo alimkagua meno, akasema safi. Tukabadilisha lijamu, kile chuma anachoshika farasi mdomoni; tukabadilisha na tandiko. Wapi! Binti wa kaka yangu akimpanda tu na kuzigusa hatamu, farasi jike yule mchanga anarusha kichwa juu kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Mwenye farasi, muuza mbao mwenye haraka zake, alikuwa amenipa hadi Jumamosi.

"Mwalimu, akiendelea hivi nampeleka kwa wale wanaofunga kichwa kwa mikanda. Kule atakishusha, apende asipende."

Binti alilia bandani. Mimi sikulia, nilikasirika, maana nimewaona farasi waliotoka kule: shingo imekunjwa vizuri, lakini macho yamezima.

Ila kulikuwa na jambo lililonitekenya akili. Nikimzungusha Tangawizi kwa kamba ndefu, hatamu nimezifunga kwenye tandiko, anatulia tuli. Ananyoosha shingo, anaiegemea lijamu, anaitafuna taratibu. Sasa hatamu zilizofungwa, zisizo na akili, anaziamini, halafu mtoto anayempenda kupita kiasi hamtaki? Haikuniingia akilini hata kidogo.

"Shuka," nikamwambia binti. "Mvue hizo hatamu pamoja na lijamu. Leo farasi ni mimi."

"Shangazi, watu wanatuona!"

"Waache wafaidi."

Nikaishika lijamu kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikaanza kutembea. Yeye nyuma yangu na hatamu zake. Nikanyoosha mikono mbele kumtafuta kwenye hatamu. Hayupo. Hatamu zilikuwa zimelegea, zinaning'inia. Hatua iliyofuata zikanirudia ghafla, nikajikuta nimerusha viwiko bila kupenda. Nikamtafuta tena, akatoweka tena. Ilikuwa kama kukalia kiti ambacho mtu anakivuta kila unapokikaribia.

"Kwa nini unaniachia?" nikauliza, macho bado nimeyafumba.

"Si ndiyo zawadi yake? Akikubali tu, namwachia."

"Hakuwa amekubali. Alikuwa ndiyo kwanza anauliza."

Akazikusanya hatamu mkononi. Kisha akasema, sauti ikimkatika, "Kila mtu anaisifia mikono yangu. Eti mikono ya pamba, myepesi."

"Myepesi mpaka haipo, mwanangu."

Nilimwonea huruma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tukazunguka uwanja mpaka viwiko vyake vikajua kunifuata niendako, bila kunivuta na bila kunitoroka.

Jumamosi muuza mbao aliwahi, akaegemea uzio na funguo za gari mkononi. Binti alikuwa juu ya Tangawizi, wanakwenda mchakamchaka. Farasi akarusha kichwa. Mikono ikabaki naye. Akarusha tena, safari hii kwa mazoea tu. Halafu akashusha shingo, akaitafuta mikono kule mbele, akaikuta.

"Shangazi, amenishika!"

Nikajikuta nacheka peke yangu.

Muuza mbao hakushawishika. "Huyo kamzoea binti tu."

"Haya, ingia wewe," nikamwambia. Nikamsimamisha ubavuni mwa farasi, nikampa hatamu. "Usivute. Usiachie."

Alizishika kwa vidole vyake vinene, pumzi ameibana. Tangawizi alimgeuzia sikio moja, akafikiri. Kisha akanyoosha shingo polepole, hadi hatamu zikakaza.

"Ananivuta," akanong'ona.

"Hakuvuti. Anauliza kama upo."

Farasi alikuwa bado anangoja, shingo ameinyoosha, na mikono ya yule bwana haikuondoka.

"Nipo, mama," akamwambia farasi. "Nipo."