Mwanya wa Selina

Selina aliupoza uji kwa kuumimina bakuli hadi bakuli, akamsogelea mama yake kitandani amnyweshe. Modesta akanyoosha kidole, kama kawaida yake tangu kumbukumbu zianze kumtoka, akakipitisha kwenye meno ya mbele ya binti yake. Alikuwa anatafuta mwanya. Sura ya Selina alishaisahau, jina lilikuja na kuondoka, ila mwanya huo alimrithisha mwenyewe, na ndio uliomwambia kila asubuhi kwamba huyu ni mwanawe.

Leo kidole kiliteleza tu.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Selina. Jana si niliwekewa meno?"

"Selina ana mwanya." Modesta akarudisha mkono chini ya blanketi. "Mmempeleka wapi mwanangu?"

Alikataa uji, akageukia ukutani. Alipogeuka alimtupia jicho binti yake, na usiombe utazamwe hivyo na mama yako mzazi. Selina aliogopa, kana kwamba kweli kuna kitu amefanya.

Akajitanda kanga, akarudi kwenye kliniki ile iliyompa meno. Mwezi uliopita bodaboda ilimwangusha pale Kirumba akiwa na ndoo yake ya dagaa, meno mawili ya mbele yakakatika nusu. Kliniki nayo ilikuwa inatafuta watu wa kujaribia roboti mpya, bure. Mkono wa chuma ukamsaga visiki bila kutetemeka, mashine nyingine ikachonga meno kutoka kwenye kibonge cheupe cha kauri, yakagandishwa. Wakampiga na picha. Tuseme ukweli, alipendeza, maana alijiangalia kwenye kioo njia nzima ya kurudi nyumbani Mabatini.

Yassin, kijana anayeendesha mashine, alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, nirudishieni mwanya wangu."

Yassin akafungua kompyuta. Picha ya meno ya zamani ya Selina ilikuwemo, katikati pamezungushiwa rangi nyekundu.

"Mashine inausoma kama kasoro, mama. Inaziba yenyewe."

"Nani kaifundisha kwamba ni kasoro?"

Yassin akacheka kwa aibu, na hapo Selina akauona wa kwake, mwanya mzuri, mpana. "Huko ilikotengenezwa. Hata mimi ingeniziba."

"Basi yatoe haya, uchonge mengine."

"Ningeweza, ningefanya sasa hivi. Lakini mradi unalipia kurekebisha kasoro tu. Na wewe kwa sasa huna kasoro."

Selina akampa mgongo. Akatoka.

Nyumbani alikuta viatu vya watu mlangoni. Rebeka, jirani yake, akamwahi uani.

"Dada, usinielewe vibaya. Tangu utoke analia. Anasema Selina kafa, wachawi wamemfanya msukule, na kinachokuja na bakuli la uji si mtu. Nimemwambia uko hai, hasikii. Nikaona bora tukae naye, asilie peke yake."

Ndani, mama yake alikuwa chini kwenye mkeka, kanga kaifunga kichwani, majirani wamemzunguka. Hasira zikampanda Selina. Alitaka kuwafukuza wote. "Mama, niko hapa," akasema, na Modesta alipoyaona meno yale akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Basi Selina akavuta ncha ya kanga, akaziba mdomo. Akakaa mwisho wa mkeka, pamoja na waliokuja kuhani msiba.

"Pole, mama," akasema.

"Asante, mwanangu. Ulimfahamu Selina?"

"Nilimfahamu."

"Alikuwa ananinywesha uji."

"Najua, mama."

Rebeka akaleta kikombe cha uji wa moto. Selina akakipokea, akakisogeza mdomoni mwa mama yake kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia kanga isianguke. Mfiwa hakatai anachopewa na wageni. Modesta akanywa mpaka ukaisha, huku akimlilia Selina.