Maumivu ya Gakiza Yaenda Kutibiwa

Alhamisi saa tatu asubuhi Gakiza alikaa kwenye kiti cha plastiki katika kituo cha tiba mjini Lilongwe, kofia mapajani. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka baada ya mkewe, Nahayo, kumwombea na kumkumbusha aseme avokado. Kituoni, askari wa zamani walioumia kichwa walikuwa na mpango wao: mazoezi ya kumbukumbu na mtu wa kuwasikiliza. Wengine walipewa vidonge. Lakini faili la ukimbizi la Gakiza lilisema mkulima, na kambini ilijulikana kwamba faili la aliyekuwa askari huwekwa kando, halirudi mezani.

"Kichwa kiliumiaje?" daktari aliuliza. Léoncie, jirani yao wa kambini, akatafsiri.

"Nilianguka kwenye mti wa avokado."

Léoncie aliandika kitu kirefu kuliko jibu.

Hapo maumivu yalitoka katika sikio la kushoto la Gakiza, yakavuta kiti, yakakaa. Yalikuwa na kimo cha mtu, na magwanda yaliyochanika begani.

"Bomu," yalisema. "Huyu anadanganya kama mwizi wa kuku."

"Nyamaza we!" Gakiza aliyakemea.

"Miaka kumi na tisa nimenyamaza. Inatosha."

Daktari aliyapa maumivu kadi ya mpango. Gakiza alipewa vidonge kumi.

Tangu hapo maumivu yalienda Lilongwe peke yake kila Alhamisi. Kondakta aliyaambia tu yasogee. Saa hizo Gakiza alipalilia maharage bila kukunja uso, akakumbuka majina ya watoto wake wote. Jioni maumivu yalirudi kichwani, naye akamwita binti yake kwa jina la rafiki aliyekufa.

Nahayo aliyawekea nsima, ugali wa huko, kama mgeni yeyote. Aliyemtia wasiwasi ni Léoncie, ambaye sasa alimsalimia kwa adabu mno.

Alhamisi ya nne, maumivu yaliporudi, Nahayo aliyazuia mlangoni.

"Leo bamekuuliza nini?"

"Bameuliza nakaa kwa nani."

"Na we umejibu?"

"Ukweli, mama. Kule banapenda ukweli."

Ijumaa jina la Gakiza lilibandikwa ubaoni kambini, pamoja na majina ya wakimbizi walioitwa kuhojiwa upya. Karani alimuuliza aliacha jeshi mwaka gani. Gakiza aligonga sikio la kushoto, akangoja, akagonga tena. Maumivu hayakutoka.