Pedali Iliyojitambulisha Vibaya

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa kubwa, nzito, na ilikoroma kabla ya kuwaka kama mzee anayeamshwa kwa nguvu. Kaka mkubwa wa Mziwanda aliinunua kuukuu kwa ajili ya watoto wake, watoto wakaichoka, ikaishia hapa chumba cha mbele, kando ya cherehani ya Fundi. Mziwanda alichomeka waya wa pedali nyuma ya kompyuta, akarudi nyuma hatua moja.

"Kanyaga, baba."

Fundi alikanyaga kwa mguu wa kushoto. Kwenye kioo safu za herufi ziliendelea kumeta moja baada ya nyingine, hazikusimama. Akakanyaga tena. Wapi.

"Nilijua," mama alisema kutoka mlangoni. "Hilo dude halina akili."

"Akili linayo, mama. Halinisikilizi tu."

"Basi ni la ukoo huu."

Fundi alitikisa mabega kidogo. Huko ndiko kucheka kwake siku hizi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi na mikono yote miwili, kikamwachia akili palepale ilipokuwa. Mtu aliyeshona nusu ya nguo za mtaa ule sasa alikuwa anakaa kwenye kiti chenye mito akiangalia cherehani yake ikipata vumbi. Mguu wa kushoto tu ndio uliobaki unamtii, ule ule uliozoea kukanyaga.

Mziwanda, kitindamimba wa nyumba ile, aliishi mbali, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuzifanya kompyuta zielewane na vitu vinavyochomekwa. Alipokuja kumwona baba yake aliing'oa pedali ya umeme ya cherehani, akaifungua, akatia ndani kibao kidogo cha umeme, akaifunga tena. Kisha akaandika programu. Herufi zinapita kwa safu, Fundi anakanyaga safu anayoitaka, anakanyaga tena herufi anayoitaka, na neno likiisha kompyuta inalisoma kwa sauti.

Kwenye kompyuta ndogo ya Mziwanda ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Neno la kwanza la Fundi baada ya miezi ya ukimya lilikuwa DIRISHA. Wakalifungua. Mama, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akilifunga na kuwaambia watu mume wake anaona baridi, aligeuka upande wa ukutani akafuta macho.

Lakini kompyuta ndogo ilikuwa mali ya ofisi, na kesho asubuhi Mziwanda alikuwa anaondoka nayo. Ingebaki hii kubwa, yenye mfumo mwingine kabisa. Ikikataa, Fundi anarudi kwenye ukimya wake. Hilo halikuhitaji kuelezwa mle ndani. Kila mtu aliliona kwenye begi lililokwisha kufungwa pale kwenye kona.

"Kwani inasemaje?" mama aliuliza.

"Inasema siruhusiwi." Mziwanda alivuta kigoda. "Kila kitu unachokichomeka kwenye kompyuta, mama, kinaanza kwa kujitambulisha. Mimi ni kipanya, mimi ni kibodi. Hii pedali niliifundisha iseme ni kibodi, maana kibodi inajulikana kila mahali. Kompyuta yangu nikiipa ruhusa inaiacha programu imsikie baba moja kwa moja. Hii ikishasikia neno kibodi tu, inaikumbatia. Hakuna programu nyingine inayoruhusiwa kuongea nayo."

"Kwa nini ina wivu hivyo?"

"Kuzuia wezi. Mtu asije akasikiliza unachoandika."

"Basi inafanya vizuri."

"Inafanya vizuri, na inanitesa."

Aliamua kupita njia ya mkato. Pedali ijifanye kibodi hivyo hivyo, mguu wa baba uwe kama kidole kinachobonyeza kitufe kirefu cha nafasi, na programu ipokee kile itakachopewa na mfumo. Ikakubali. Fundi aliandika herufi ya kwanza, akaandika ya pili, mama akaanza kutabasamu. Hapo hapo kijidirisha kikaruka mbele ya herufi zote kikiuliza kama kompyuta izimwe na kuwashwa upya sasa hivi. Fundi alikuwa tayari anakanyaga. Kwa kompyuta, kibodi imesema ndiyo. Kioo kikawa cheusi, kikabaki kiduara kinachozunguka.

"Baba, umeizima."

Fundi alimtazama kwa jicho la mtu anayesingiziwa.

Ndipo kinyozi wa nyumba ya pili alipopiga hodi. Alikuwa rafiki wa Fundi wa miaka na miaka, mtu wa mzaha, ila tangu ugonjwa uingie mle ndani mzaha wake wote aliupeleka kwa mama.

"Shemeji, mgonjwa wetu anaendeleaje?" aliuliza, naye amesimama karibu na kiti cha Fundi kiasi cha kukigusa kwa goti.

"Hajambo. Anakusalimu."

Fundi hakuwa amesalimia mtu. Mziwanda aliinua kichwa kutoka kwenye nyaya.

"Nilipita kuhusu lile koti langu," kinyozi alisema. "Limekaa hapa mpaka limesahau mabega yangu."

Koti lilikuwa limening'inia ukutani, bitana yake imeshikizwa kwa pini upande mmoja, upande mwingine unapepea. Ndiyo kazi iliyokuwa mikononi mwa Fundi siku alipoanguka.

"Lichukue tu, shemeji," mama alisema kwa upole, huku analitungua. "Anasema utafute fundi mwingine. Hawezi tena."

Mguu wa Fundi ulikanyaga. Ukakanyaga tena, haraka haraka, kwa nguvu, pedali ikawa inagonga sakafu. Kompyuta ilikuwa bado inazungusha kiduara chake. Kinyozi alikusikia kule kugonga akadhani ni maradhi, akaangalia pembeni kwa adabu, akaaga, akaondoka na koti begani.

"Nani amekuambia hawezi?" Mziwanda aliuliza.

"Mwanangu, huyu ni mume wangu. Namjua."

"Na dirisha je?"

Mama alichukua vikombe, ingawa havikuwa vichafu, akaenda navyo jikoni. Mziwanda aliuma midomo. Alijua amepiga mahali palipokuwa na kidonda. Mama huyo ndiye aliyekuwa akimlisha Fundi, akimwogesha, akimgeuza kitandani, akimjibia watu ili asione aibu ya kunyamaza mbele yao. Hakuwa anamnyang'anya kitu. Alikuwa anamkinga.

Baba na binti wakabaki wawili. Fundi alikuwa ameupumzisha mguu juu ya pedali, macho kwenye msumari uliokuwa na koti.

"Kinyozi amekuja kumwona mgonjwa," Mziwanda alisema taratibu, nusu akijisemea. "Ndiyo maana hakumwuliza fundi."

Akaitazama pedali. Kisha akaichomoa, akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo, akaanza kufuta.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alichagua utambulisho rahisi, ule ambao kila mashine inaujua, na kila mashine ikaitendea pedali kama ilivyozoea kuitendea kibodi. Sasa aliifundisha upya. Mimi si kibodi, si kipanya, mimi ni kitu cha peke yangu na programu yangu ndiyo inayonijua. Akairudisha kwenye ile kubwa. Kompyuta iliipokea, ikakosa la kuifanyia, ikaiacha kwa amani. Programu ikaifungua bila kuambiwa hairuhusiwi.

"Kanyaga, baba."

Safu zikapita tu, kama mwanzo.

Mziwanda alilitazama begi kwenye kona. Jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa cherehani. Alifungua kidirisha kinachoonyesha namba zinazotoka kwenye pedali, akamwomba baba akanyage na kuachia, akanyage na kuachia. Namba zilikuwa zinakuja. Akazisogelea. Kwenye kompyuta yake ilikuwa inakuja namba moja: moja mguu ukiwa chini, sifuri ukiwa juu. Hapa zilikuja mbili. Mfumo huu unatanguliza sifuri mbele ya kila ujumbe, nafasi ya kuandikia aina ya ujumbe, hata kama kifaa kina aina moja tu. Programu yake ilikuwa inasoma namba ya kwanza, inakuta sifuri, inasema mguu haujagusa kitu. Baba alikuwa anaongea muda wote, na yeye alikuwa anatazama nafasi iliyo tupu.

Alicheka, na machozi yakamlenga palepale.

"Ni mimi, baba. Ulikuwa unasema, mimi ndiye niliyekuwa siangalii mahali penyewe."

Ulikuwa mstari mmoja. Kwenye mfumo huu, ruka namba ya kwanza, soma ya pili. Akauandika, akawasha, akamwita mama.

Mama alikuja na kitambaa cha jikoni mkononi, akasimama mbali kidogo, uso bado umenuna. Fundi akakanyaga. Safu ikasimama. Akakanyaga tena. K ikatokea. Kisha A.

"Kabati? Nifungue kabati?" mama alikisia. "Hapana, ni kahawa. Unataka kahawa."

Mguu ukaendelea.

"Au ni kaka mkubwa, aitwe kaka..."

"Mama," Mziwanda alisema. "Mwache amalize."

Mama akafunga mdomo. Ilionekana wazi kwamba kuufunga kulikuwa kazi. Kitambaa alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hatimaye ile sauti ngumu ya kompyuta ikasema neno lenyewe.

"Kaa."

Hakuna aliyemwambia mama huyo akae tangu siku ile ya kiharusi. Alivuta kigoda cha cherehani akakaa, magoti yake yakigusana na ya mume wake. Akasubiri. Safari hii hakukisia. Herufi zilikuja polepole, moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na mama alikuwa anazifuata kwa midomo bila kutoa sauti.

"Koti lirudi," kompyuta ilisema. Na baada ya kitambo, "Shona wewe. Mimi nitasema."

"Mimi?" Mama aliwatazama wote wawili. "Mimi najua vifungo tu. Halafu nitashonaje, na pedali yenyewe umeichukua wewe?"

Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika kabla hajagusa kitu. Ilibidi atulie kwanza ndipo mguu upate herufi.

"Zungusha kwa mkono."

Mama alimpiga begani kidogo na kile kitambaa. Kisha akakitumia kufuta vumbi la cherehani, akaanzia kwenye gurudumu. Alipomaliza aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Nikamwambie nini kinyozi?" alimwuliza mume wake, akabaki pale pale akingoja jibu.