Mwavuli wa Mfuko wa Pembeni

Wifi yangu alikitundika kitambaa changu kwenye msumari wa mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia karakana lazima kimguse usoni.

"Kiache hapo hapo," akamwambia mume wangu. "Watu waone sura ya elimu ya jioni."

Kilikuwa kitambaa cheusi cha vipande vinane, nimekishona kwa mkono wangu, mishono miwili miwili. Muda mfupi kabla ya hapo kilikuwa juu ya mwavuli, mwavuli ulikuwa mkononi mwa mkunga, na mkunga alikuwa ameumwagia kikombe cha maji kuujaribu. Maji hayakuteremka. Yalikaa juu yakafanya vidimbwi vinane, na kitambaa kikalegea katikati kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno. Kisha vidimbwi vyote vikamwagikia viatu vya mkunga.

Nyumba yetu inatengeneza miavuli. Aliyeianzisha karakana ni baba mkwe wangu, ambaye sote tulimwita mzee, na alipofariki kazi ilibaki kwa watu watatu. Wifi yangu, kifungua mimba wake, anakata chuma. Mume wangu, mdogo wake, anafunga springi na mipini. Mimi nashona. Miaka yote hiyo tulitengeneza mwavuli wa aina moja tu, mrefu kama mguu wa mtu, wa kutembea nao kama bakora.

Ndipo akaja mkunga. Yeye na wenzake arobaini wanatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, na miavuli yao mirefu wanaisahau kila siku kwenye milango ya watu. Aliweka begi lake juu ya meza yangu, akafungua mfuko mdogo wa pembeni.

"Nataka uingie humu," alisema. "Ukifungwa usizidi inchi kumi. Mkono mmoja una begi, mwingine unagonga mlango. Mkono wa tatu sina."

"Mwavuli si soksi, mama," wifi akamjibu. "Hauviringishwi."

Mimi nikasema unawezekana. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na muhula wa pili wa masomo ya jioni, somo la kuchora vifaa. Nikachora. Kila ubavu wa mwavuli, yaani ule waya unaobeba kitambaa, niliukata vipande vitatu vya inchi saba, vikaungwa kwa misumari midogo ya ribiti vikunjike kama mguu wa panzi. Bomba la katikati nalo nilifanya vipande vitatu vinavyoingiana. Niliuombea mchoro ule kabla ya kuuonyesha, nikaukabidhi kwa wifi kwa mikono miwili.

Aliushika kwa vidole viwili. "Haya, Mama Daftari. Nitakukatia mbavu kama karatasi yako inavyotaka. Ila ukishindwa, hiyo meza yako naipeleka stoo, na wewe unakaa nyumbani unachora ukuta."

Mume wangu alikohoa. Huo ndio ulikuwa utetezi wake.

Sasa nilikuwa nimeshindwa, na mkunga alikuwa akikung'uta viatu. Alitupa nafasi moja ya mwisho. "Nitarudi Ijumaa asubuhi. Ukilegea tena, wauza miavuli si nyinyi peke yenu."

"Umesikia?" wifi aliniuliza alipotoka. "Ijumaa. Anza kuiaga meza."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilibaki na mwavuli ulio uchi, mbavu tupu, nikitafuta kosa. Nilipima kitambaa kwa rula yangu ya chuoni: kiko sawa na mchoro. Nikapima kipande cha ubavu. Inchi sita na robo tatu. Nikapima kingine. Sita na robo tatu. Vipande vyote ishirini na vinne, kila kimoja kimepungua robo inchi.

Damu ilinipanda. Nilisema moyoni, amenikatia fupi makusudi. Nikainama juu ya meza nikaomba: Mungu wangu, niondolee hasira. Lakini usiniondolee ushahidi.

Nilipoinua kichwa nilimwona wifi akikata ubavu wa mwavuli mrefu wa mteja mwingine. Alikuwa anapima kwa fimbo ya mzee, kama siku zote. Fimbo ile ni ya mti mgumu, na mzee mwenyewe alichoma juu yake alama za inchi kwa msumari wa moto. Wifi aliweka ncha ya fimbo kwenye ncha ya waya, akahesabu alama, akakata. Hakuna anayepima kwa kitu kingine katika karakana ile. Kuna watu wanaoheshimu kaburi la baba yao; wifi yangu anaheshimu fimbo.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa jioni. Wiki ya kwanza nilipima kuanzia ukingoni mwa rula, darasa zima likapata jibu moja na mimi langu. Mwalimu alikuja akaweka kidole chake juu ya rula yangu. "Mama, rula haianzii pale inapokatikia. Inaanzia kwenye sifuri." Nilijicheka mpaka machozi.

Sasa nikajiuliza, sifuri ya fimbo ya mzee iko wapi? Nikaiangalia ncha yake. Ilikuwa mviringo, imesagika kama kisigino cha kiatu cha zamani. Mzee aliitembelea fimbo ile, na kila alipotuita aligonga nayo sakafu ya saruji. Aligonga miaka thelathini. Inchi yake ya kwanza ilikuwa imebaki robo tatu.

Kumbe hakuna aliyenionea. Mwavuli mrefu una ubavu wa kipande kimoja, unapimwa mara moja, unapungua robo. Na kitambaa chake kilipimwa kwa fimbo hiyo hiyo, kikapungua robo vilevile. Vinakutana, mwavuli unakaza, nani atajua? Lakini ubavu wangu ulipimwa mara tatu, ukapungua mara tatu. Na kitambaa changu kilikuwa cha kwanza katika nyumba ile kupimwa kwa rula.

Ilinipasa kusema. Ila nilisema kwa furaha, na hapo ndipo nilipokosea tena.

"Wifi, fimbo ya mzee imeliwa."

"Imeliwa na nini, mchwa?"

"Na sakafu. Inchi ya kwanza ni fupi. Tazama mwenyewe." Nikaweka rula yangu kando ya fimbo, na nakiri nilikuwa natabasamu.

Wifi hakutazama. Alinitazama mimi. "Unasema baba yangu aliwapunja watu."

"Sijasema hivyo."

"Miaka yote hiyo! Watu wamezeeka chini ya miavuli yake, hakuna aliyelowa. Leo wewe uliyejifunza inchi juzi unaniambia baba yangu alikuwa mwongo?"

"Nimesema fimbo, wifi. Sijamtaja mtu."

"Fimbo ni ya nani?"

Akaninyang'anya rula, akatoka nayo nje. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. "Imeingia shimo la taka. Kaifuate huko, msomi."

"Dada, jamani," alisema mume wangu.

"Wewe kaza springi yako."

Akaikaza.

Tangu saa ile hatukusemezana. Karakana ina hatua tano kwa sita, na maneno yetu yote yalipitia kwa mume wangu.

"Mwambie mkeo asogeze kiti chake."

"Mwambie dada yako kiti hakina masikio wala hasira, akisogeze mwenyewe."

Na yule bwana alirudia kila neno kwa uaminifu, kama redio, ingawa tulikuwa tunasikiana vizuri. Jioni alikuwa amekauka koo.

Sikuwa na rula, wala sikuwa na ruhusa ya kukata chuma. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa kitambaa. Nikasema basi, kama mbavu ni fupi, nitashona kitambaa kifupi. Nilizipima mbavu kwa uzi, nikaufunga uzi mafundo, nikautia mfukoni. Nilipoomba kitambaa kipya jibu likarudi kwa njia ya redio: "Mwambie mkeo kitambaa ni cha miavuli, si cha mabwawa." Nikaenda nyumbani nikalikata koti langu la mvua.

Nilishona Jumatano na Alhamisi, nje mlangoni kwangu kwenye mwanga. Kila mshono niliuombea. Mshono wa kwanza niliomba upole. Wa pili niliomba subira. Kufika mshono wa tano nikajikuta namwomba Mungu amwaibishe wifi mbele ya mkunga, amwaibishe vizuri, mbele ya watu. Nikashtuka. Niliufumua mshono ule wote. Ulikuwa umepinda pia.

Ijumaa niliwahi. Kitambaa cheusi cha aibu yangu kilinipiga usoni mlangoni kama kawaida. Mbavu zilikuwa juu ya meza yangu, pale pale nilipoziacha. Wifi alikuwa amenipa mgongo, anapiga tupa, mume wangu kando yake.

"Kazi iko mezani," wifi alisema, akiuambia ukuta.

Nilidhani ananisuta. Nikatoa kitambaa cha koti, nikakifunga juu ya kilele, nikakishusha kwenye ubavu wa kwanza. Hakikufika. Nikavuta. Kilikuwa kimepungua karibu upana wa kidole. Nikajaribu ubavu wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna hata mmoja uliofikiwa. Nilikuwa nimepima kwa uzi mara tatu. Nikavuta kwa nguvu, na mshono ule wa tano, niliourudia kwa toba, ukachanika kuanzia juu hadi chini.

Na mkunga huyo mlangoni, anafuta viatu.

"Umebadilisha mbavu!" Nilipiga kelele. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Jumanne.

Wifi akageuka. "Nimebadilisha, ndiyo! Si ndicho ulichokuwa unalilia? Nimekata upya vipande vyote ishirini na vinne, vidole vimekufa ganzi, bado unabweka?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia kazi iko mezani! Na wewe, nani amekutuma ushone kingine? Kitambaa chako si kile pale?"

Sote tukageuka kuutazama msumari.

Mume wangu, pengine kwa kutafuta pa kujificha, alinyanyua kitambaa cha kufutia kilichokuwa kwenye meza ya dada yake. Chini yake ilikuwepo rula yangu, imejaa vumbi la chuma.

"Shimo la taka," nikasema.

"Shimo lilikuwa limejaa," wifi akajibu bila kupepesa.

Mkunga alitazama saa yake. "Jamani, mimi nina mzazi ananisubiri. Mwavuli upo au haupo?"

"Upo!" tulijibu pamoja, na kila mmoja akamkasirikia mwenzake kwa kujibu.

Nikakishusha kitambaa cheusi kutoka kwenye msumari. Kukifunga ni lazima watu wawili, mmoja awe na sindano, mwingine azishike mbavu zisijikunje, na mbavu zile hakuna aliyejua kuzishika isipokuwa aliyezikata. Tukakaa goti kwa goti.

"Mwambie mkeo asinichome."

"Mwambie dada yako asitikise."

"Anasema usi..." alianza mume wangu.

"Tumesikia!"

Nilimchoma mara moja tu. Mungu anajua sikukusudia. Wifi hajui, na mpaka leo hakubali. Kila ubavu ulishonwa mahali patatu, na kila mahali palipaswa kukaa pale nilipochora, na palikaa. Nilivyozidi kushona kitambaa kikazidi kukaza, mpaka nilipokipiga kwa ukucha kikalia.

Mkunga aliufungua. Akaomba kikombe cha maji, safari hii akasogeza miguu kwanza. Maji yaliteremka yote, tone kwa tone, pande zote nane. Akaukung'uta, akaukunja ukiwa bado na maji, akausukuma katika mfuko wa pembeni wa begi lake. Uliingia. Akafunga kifuniko, akatikisa mikono yake yote miwili hewani, mitupu.

"Nataka arobaini kama huu," alisema. "Nani ameubuni?"

Mume wangu akakohoa. Nilimtazama wifi nikijua atasema ni mwavuli wa nyumba hii, ni kazi ya mzee, ni fimbo. Alikuwa ananyonya kidole nilichokichoma.

"Huyo," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ila chuma nimekata mimi, na chuma ndicho kazi."

Mkunga alipoondoka nilisogea kwenye meza yake. "Wifi, nashu..."

"Usinishukuru. Hata sikuwa nakuwaza." Alichukua fimbo ya mzee, akaifuta kwa kitambaa toka juu hadi chini, akaenda kuitundika kwenye msumari wa mlangoni uliokuwa mtupu. Akasimama akiiangalia. "Haikukosea," alisema. "Imechoka."

"Imechoka, wifi."

"Sikukuuliza."

Aliporudi nilinyoosha mkono kuchukua rula yangu. Aliweka kiganja juu yake, akaivutia upande wake wa meza.

"Hii sasa ni yangu," alisema. "Kesho uje na nyingine. Vipande mia tisa na sitini havitajipima vyenyewe."

Nikarudi kwenye meza yangu, nikakaa.