Mishubiri ya Barazani

Mashavu alikuwa na kosa moja tu, wala hakulikana: aliitoa mishubiri juani bila kuomba ruhusa. Bibi wa Kizungu alikwenda milimani mwezi mzima kukimbia joto la Korogwe, akaacha vyungu vyake kumi sebuleni nyuma ya mapazia, mimea imepauka na kurefuka ovyo. Mashavu, mtunza nyumba yake, akavipanga barazani. Mshubiri unataka jua. Kila mwanamke wa kwao Sindeni analijua hilo. Huko, anayemwachisha mtoto ziwa hachumi jani la kijani la kivulini. Huchuma lililopigwa jua likawa jekundu, maana utomvu wake ndio mchungu hasa, na mtoto akiulamba chuchuni mara moja hana hamu tena.

Bibi aliporudi akaikuta mishubiri yote myekundu kama matofali. Hapo Kibwana, nyapara wa shamba la mkonge, akapata nafasi aliyoitafuta tangu Mashavu alipokataa kuolewa naye. Wakata mkonge walikuwa wamepangwa mstari uani, wakiitwa majina.

"Huyu mwanamke kaimwagia sumu," alisema wote wakisikia. "Leo mimea, kesho chakula cha Bwana."

Neno hilo halikuwa la mchezo. Bwana mwenye shamba, mume wa Bibi, akaagiza karatasi: Mashavu apelekwe bomani Handeni, akafungwe mnyororo. Wakata mkonge wakatazama miguu yao. Mashavu aliogopa, tusidanganyane, lakini hasira ilimzidi woga.

"Bwana, kabla hujaandika, tazama hapa."

Akapanda barazani bila kuitwa. Bibi alikuwa na mtindo wa kufunga kibati chenye namba kwenye jani la kila mmea. Mashavu akafungua uzi, akakiondoa kibati. Chini yake jani lilikuwa kijani kibichi, pembe nne kamili. Pembeni wekundu mtupu. Akafungua cha pili, na cha tatu.

"Sumu hupandia mizizini. Ingejuaje palipofungwa kibati ikapaacha? Hili ni jua, na kiu kidogo. Irudishe kivulini, uipe maji, itakuwa kijani tena."

Kisha akavunja jani, akalamba utomvu, uso ukamkunjamana, akameza. Akamnyooshea nyapara kipande kilichobaki.

"Na wewe onja."

Kibwana akarudi nyuma hatua mbili. Bibi aliinama, akapapasa ile alama ya kijani kwa kidole, akamwambia mumewe maneno machache ya Kijerumani huku uso umemwiva kwa aibu. Bwana akaikunja karatasi.

"Haya, rudi kazini."

"Sirudi," Mashavu alisema. "Nimeitwa mtia sumu mbele ya watu. Nisafishwe mbele ya watu hao hao."

Bwana alimkazia macho, kisha akamwashiria nyapara.

Kibwana alikohoa. "Mwanamke huyu hana kosa," alisema, akiitazama ardhi.

"Mwanamke gani?" Mashavu akauliza. "Taja jina. Na upaze sauti, wale wa nyuma hawajasikia."