Siku Mama Mkwe Alipotafuta Pomboo

Asubuhi tuliyoingia baharini Kizimkazi, wingu lilikuwa limefunika anga lote na maji yalikuwa na rangi ya majivu. Boti mbili zilizotutangulia zilikuwa zimeshageuka. Saadi, mwenye boti yetu, hakutuficha kitu. Alisema pomboo hawafungwi kamba, na siku kama hii mtu anaweza kuzunguka hadi adhuhuri akarudi na chumvi midomoni tu. Tukitaka, tungoje kesho. Lakini kesho tulikuwa na safari ya kurudi kwetu Mugumu, mkoani Mara, basi nikamwambia twende.

Tulikuwa abiria watatu: mke wangu Veronika, mama yake, na mimi. Tulikuja Unguja kwenye harusi ya Samira, binti wa jirani yetu Swaleh, fundi cherehani ambaye kwao ni hapo Kizimkazi. Ila mama mkwe hakufunga safari yote ile kutoka kijijini kwake Nyambureti kwa ajili ya harusi. Mjukuu wake alikuwa amemsomea kwamba baharini yupo mnyama anayezaa na kunyonyesha humo humo majini. Mama mkwe ameishi na ng'ombe maisha yake yote, na jambo hilo lilimkalia kichwani. Huyo ndama anashikaje chuchu bila kumeza maji? Alimuuliza Veronika, akamuuliza katekista, akamuuliza mwalimu. Hakuna aliyemridhisha, akasema basi atakwenda kuangalia mwenyewe.

Nami nilitaka aone. Sikumbuki kama nimewahi kutaka kitu kingine namna ile. Veronika alipojifungua mtoto wetu wa kwanza aliugua, hakula, hakumtambua mtoto, na mama yake akaacha ng'ombe wake akaja Mugumu. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawakai chumba kimoja. Siku hizi wapo walioacha. Sisi hatukuacha, na sijaona ubaya wake. Kwa hiyo yeye alipoingia nyumbani, mimi nilihamia kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, nikalala humo mpaka mke wangu aliposimama tena. Mama yule alinirudishia mke, akanilelea mtoto, akaenda zake bila mimi kumwona. Maneno yangu yote kwake hupitia kwa Veronika, na shukrani ile, kila nilipoituma, niliona inafika imepungua. Safari hii ilikuwa njia yangu ya kuituma nzima.

Katika boti tulikaa kama inavyotakiwa. Mimi mbele kabisa, nikitazama mbele. Mama mkwe nyuma, akitazama nyuma, alipokuwa Saadi na injini yake. Veronika katikati, wa kupeleka maneno. Saadi alituangalia, akauliza kama tumegombana. Veronika alipomweleza alicheka kidogo, kwa adabu, akasema yeye akimkwepa mama mkwe wake atakufa njaa.

Tulizunguka sana. Kila kitu cheusi juu ya maji mimi niliona ni pezi. Nilimfanya Saadi apunguze mwendo kwa ajili ya mwani, kisha nikanyoosha mkono tena kwa shangwe.

"Kaka," akasema, "huyo pomboo wako ni kuti la mnazi."

Nilimsikia mama mkwe akicheka chini chini nyuma yangu.

Mawimbi yakaongezeka. Veronika alitapika mara ya kwanza, akasema ni mihogo ya jana. Alipotapika tena alijilaza sakafuni na kujifunika kanga hadi usoni. Sasa hapakuwa na wa kupeleka maneno. Saadi akaniuliza kama tugeuze. Sikuweza kumuuliza mama mkwe, naye hakuweza kuniuliza. Nikasema tusogee kidogo tu, mpaka mbele ya miamba ile.

Hapo ndipo walipotokea. Mgongo mmoja ulipanda moja kwa moja mbele ya boti, mweusi, unang'aa, ukashuka. Kisha mwingine, na ubavuni mwake mgongo mdogo. Saadi akazima injini.

"Bibi, geuka. Hao mbele, na mtoto wao."

"Nimesikia, mura," mama mkwe akamjibu, kama tunavyoita vijana kwetu.

Hakugeuka. Saadi akarudia, akifikiri hakuelewa. Alikuwa ameelewa. Ili awaone pomboo, ilibidi aelekeze macho palepale nilipokaa mimi, na ndama alikuwa mbele yangu hasa. Mtu aliyekuwa akimzuia kuona ni mimi.

Nikashuka kwenye ubao wa kukalia, nikalala kifudifudi sakafuni, nikajivutia turubai lililokuwa hapo hadi juu ya kichwa. Lilinuka samaki na mafuta.

"Na wewe unaumwa?" Saadi akauliza.

"Mwambie bibi huku mbele hakuna mtu."

Kisha nikamsikia akisema polepole, "Bibi, anasema huko mbele hakuna mtu."

Boti ilicheza kidogo. Mama mkwe alikuwa anageuka.

Nilisikia pumzi za wale wanyama, pfuu, pfuu, karibu kuliko nilivyodhani. Ndipo mama mkwe akaanza kusema kwa Kikurya, akimtaja Veronika ambaye alikuwa anaugulia tu chini ya kanga.

"Veronika, mama amepunguza mwendo. Amelala ubavu kidogo, anamsubiri. Mtoto anaingia chini ya tumbo, anakaa muda mfupi tu, anatoka kuvuta pumzi, anarudi. Hashiki kwa nguvu kama ndama wetu. Nafikiri mama ndiye anayemsukumia maziwa mdomoni."

Alieleza hivyo kwa utulivu, polepole, hakuacha kitu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo, na nilijua hakuwa akimweleza mgonjwa.

Kisha akamgeukia Saadi kwa Kiswahili. "Mwambie aliyelala ainuke haraka. Mimi nimejifunika uso."

Niliinuka. Pomboo walikuwa wanaondoka kuelekea bahari kubwa, lakini nilimwona yule mdogo akipanda mara mbili ubavuni mwa mama yake. Sikugeuza kichwa.

"Saadi," nikasema, "mwambie mama asante. Si kwa safari hii tu. Anajua kwa lipi."

Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, na alikuwa amesikia kila neno. Saadi hakucheka. Aliinama akarudia yote, hadi "anajua kwa lipi."

"Mwambie nimepokea," mama mkwe akasema. "Na mimi namshukuru, alinipisha nikamuuguza mwanangu."

Saadi akaniletea na hilo. Mvua ilianza kunyesha. Veronika akafunua kanga, akatutazama huku na huku, akauliza kama tumeona chochote.

"Muulize mama," nikasema.