Wachumaji Wasiofutika wa Kangari

Asubuhi ile kikapu cha Gathoni kilifika kwenye kituo cha kupimia majani chai karibu na Kangari kikielea kimo cha mgongo wa mtu, kamba yake imekaza kwenye paji la uso lisiloonekana. Karani akakipima.

"Toleo jipya la programu limeingia," akasema.

"Iliingia jana," Gathoni akajibu kutoka hewani, akaenda kupanga foleni ya uji.

Wanawake wa pale walikuwa wamezoea. Programu ya kiwanda cha chai, iliyotengenezwa ng'ambo, ilimjua mkulima mmoja tu kwa kila shamba: mwenye hati ya ardhi, naye karibu kila mara alikuwa mume. Gaudencia, mtaalamu wa kompyuta aliyetoka Busia, alikuwa ameichokoa programu hiyo ndani kabisa akawatengea wachumaji nafasi yao. Lakini kila watengenezaji walipoleta toleo jipya, kazi yake ilifutwa, na wanawake wakafutika nayo. Gaudencia aliketi akaandika upya, nao wakarudi polepole.

Kisha kiwanda kikaamua kuihamishia programu kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali za watengenezaji. Mutahi, wakala wa watengenezaji, alieleza kwamba huko juu hakuna atakayeruhusiwa kuigusa ndani. Marekebisho yote yangeachwa chini.

Gathoni akaja ofisini kwa Gaudencia. Kiti kikasogea, kikalia kidogo.

"Madam, hii ya sasa, tukipotea tutarudi?"

"Kwa njia ile ya zamani, hapana."

"Na msichana yangu anaolewa mwezi ujao. Sitaki picha itoke ati baba yake amesimama kando ya hewa."

Gaudencia hakuahidi kitu. Alifikiri kutwa nzima, akaona shida haikuwa wingu. Alikuwa akijenga ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba akitaka kupaka rangi hamwulizi mpangaji. Basi akaanza kujenga nje. Aliandika programu ndogo, mali ya kiwanda, iliyosimama kando na kuzungumza na ile kubwa kupitia mlango ambao watengenezaji wenyewe waliuacha wazi, wakaahidi hawataufunga toleo lolote lijapo. Akawahamisha wachumaji mmoja mmoja, akihakikisha wa kwanza amekaa sawasawa kabla ya kumwita mwingine. Kila aliyehamishwa alihisi baridi shingoni, kama mtu aliyetoka jikoni kwenda uani, kisha akaonekana mzima. Mutahi, aliyekuja kuharakisha mambo, alivua koti akakaa kutazama.

"Hii ni kazi safi," akasema.

Siku ya kuhama, wingu lilishuka kutoka milima ya Nyandarua, likaingia dirishani, likaibeba programu, likapaa bila kupeperusha hata karatasi. Kituoni, Gathoni alififia hadi magotini, akangoja, akarudi. Tangu hapo matoleo mapya huingia wachumaji wakiendelea kupiga soga. Kwenye picha za harusi Gathoni yuko katikati, mkono kiunoni, shavu limejaa keki.

Gaudencia alimtuma Mutahi awaombe watengenezaji wawaweke wanawake ndani ya programu yenyewe. Jibu lilikuja kwa adabu: mkulima ni mwenye hati.

Wiki iliyofuata Shiku, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuchuma kwenye shamba la mumewe, alibisha hodi akiwa haonekani kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Umeolewa lini, mama?"

"Jumamosi."

Gaudencia akamsogezea kiti.

"Kaa. Tutaanza na uso."